Nauli ya Bure Kutoka Tukuyu

Muuza hadiwea wangu hapa Tukuyu ana mashine ya kulipia kwa kadi, ila huitoa chini ya kaunta kama mtu anayetoa kitu cha magendo. Wakati naezeka nyumba nilimwambia nitalipa kwa kadi. Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa mwalimu, lakini kwa kadi naongeza asilimia mbili. Hiyo si yangu, ni ya benki." Nikakubali bila kubishana, kwa sababu nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Benki yangu ilikuwa inatoa pointi kwa kila malipo ya kadi, na pointi hizo, kwa mujibu wa kipeperushi chao, zingeweza kugeuzwa kuwa nauli ya ndege. Nilitaka kwenda Johannesburg.

Sababu ya Johannesburg ni babu yangu mzaa baba. Alikwenda kule miaka ya 1950 kuchimba dhahabu kwa mkataba wa Wenela, na nauli hakulipa hata senti. Alilirudia jambo hilo mpaka wajukuu wote tukalikariri. Baba yetu alikuwa akitaniwa nalo kila Krismasi: "Mimi nimepanda ndege kabla wewe hujapanda baiskeli." Baba anacheka tu, maana ni kweli. Mtu aliyezaliwa kwenye migomba ya Rungwe, ambaye Dar es Salaam yenyewe aliijua uzeeni, alikuwa ameshauona mji wa dhahabu kwa gharama ya watu wengine. Ndivyo alivyosimulia, na mimi ndivyo nilivyotaka kwenda, kwa gharama ya watu wengine.

Safari yangu iliishia kaunta. Bati, saruji, misumari, rangi, vyote nililipa kwa kadi, na kila kimoja na asilimia mbili yake. Nilipokwenda kuuliza nimebakiza pointi ngapi kuifikia tiketi, dada wa benki, mpole kwelikweli, akanieleza kwamba pointi za mwaka wa kwanza zilishakwisha muda wake, na zilizobaki zinatosha vocha ya shilingi 15,000. Yote yalikuwa yameandikwa kwenye masharti. Nikarudi nyumbani kwenye Noah iliyojaa ndizi na watu, na badala ya kuwaza tiketi nikawa nawaza babu. Je, yeye alilipiwa kweli? Au naye alikatwa mahali ambapo hakupaona?

Tuanzie na miguu, maana kabla ya nauli ya bure kulikuwa na miguu. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza walipokuja wakaendelea nayo. Kodi hutaka fedha, na migomba haizai fedha. Kijana wa Rungwe wa miaka ya 1930 alikuwa na pa kuipata karibu: machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ambako dhahabu ya mchangani iligunduliwa miaka ya 1920 na miaka kumi baadaye ikawa imevuta wachimbaji wa kila rangi. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kilometa kama 70. Kutoka Mbeya hadi Chunya ni karibu kiasi hichohicho, na unaanza kwa kupanda safu ya milima ya Mbeya ndipo uteremke kwenye joto na vumbi. Watu wa kijani kibichi hawakuzoea vumbi. Walikwenda hivyohivyo, na chakula begani.

Tunajua mengi kuhusu vijana wale kwa sababu kulikuwa na wageni wawili waliokuwa wanaandika. Godfrey na Monica Wilson, mume na mke, wanaanthropolojia, walikaa Rungwe kati ya 1934 na 1938. Kitabu cha Monica kilichotoka mwaka 1951, Good Company, ndicho kilichoifanya dunia ya wasomi iwajue Wanyakyusa kwa vijiji vyao vya marika, vijana wa umri mmoja wakijenga pamoja mbali na baba zao. Humo unamwona kijana anayetafuta ng'ombe wa mahari, na ng'ombe wako mikononi mwa wazee. Mshahara wa machimboni ulimpa njia ya pembeni. Naomba msomaji alishike jina hili la Wilson, tutalirudia.

Lupa ilikuwa na faida moja ambayo siku hizi hatuithamini: hukupelekwa na mtu. Kwa kuwa ulikwenda kwa miguu yako, ungeweza kurudi kwa miguu yako. Msimu wa kulima ukifika, au habari ya msiba ikija, mtu anachukua kibuyu chake na kuondoka. Hakuna aliyekuwa anamdai.

Kule mashariki mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, Wajerumani waliweka utaratibu wa kadi: kila mwanaume apewe kadi, na katika kila miezi minne afanye kazi siku 30 kwa mwajiri wa Kizungu kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza alikuwa anatafutiwa kazi za serikali. Kadi hiyo ndiyo mzazi wa kile ambacho wazee wetu walikiita kipande. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, mpaka enzi za Waingereza, kipande kilikuwa ni kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi yako ya siku, nafasi moja inatiwa alama. Ukipungukiwa, hata kama umeshinda juani, hutiwi. Zikijaa 30 unalipwa mshahara wako. Katikati ya hapo unapewa posho ya unga ili usife.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu watu wakisikia kipande hukumbuka zaidi kile cha Kenya, kile cha kuvaa shingoni ndani ya kikebe cha bati, kilichoanza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kile kilikuwa kitambulisho cha kukufunga; polisi ndiye aliyekisoma. Kipande cha mkonge kilikuwa zaidi ya hapo: kilikuwa daftari la deni. Mwenye shamba ndiye aliyekuwa mdaiwa, na mkata mkonge ndiye aliyekuwa mkopeshaji, lakini kadi iliandikwa kana kwamba ni kinyume chake. Siku 29 za kazi zilikuwa ni mkopo ambao mfanyakazi amempa mwenye shamba bila riba. Akiugua, akifiwa, akitoroka kabla ya nafasi ya 30, mkopo huo ulikuwa shakani. Nilipofika kwenye sura hiyo ya kitabu nikafunga, nikaenda kunywa maji. Nilikuwa nimekumbuka pointi zangu za mwaka wa kwanza.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kutafuta watu, ikaitwa SILABU. Malori yake yalifika mikoa ya mbali, Njombe, Songea, Kigoma, na njiani kulikuwa na kambi za kulala. Mtu alisainishwa, akapewa namba, ndipo likazaliwa jina la manamba ambalo mpaka leo ni tusi dogo. Nauli ya kwenda alilipiwa. Nauli ya kurudi ilimngoja mwisho wa mkataba. Yaani safari ya kwenda ilikuwa chambo, na ya kurudi ilikuwa kufuli.

Watu wa Rungwe hawakuupenda mkonge. P. H. Gulliver, aliyekuwa mtaalamu wa sosholojia wa serikali ya Tanganyika, alichunguza safari za kazi za Wanyakyusa katika miaka ya 1950, na picha inayotoka hapo ni ya watu wenye uwezo wa kuchagua. Wilaya ya Rungwe ya wakati huo ilishuka mpaka Kyela. Juu kulikuwa na kahawa, chini kulikuwa na mpunga, na kila mahali ndizi. Njaa haikumfukuza mtu nyumbani. Aliyeondoka aliondoka kutafuta fedha ya lengo fulani, ng'ombe, bati, ada ya mdogo wake, na kama lengo ni fedha basi huendi penye mshahara mdogo kwa sababu tu lori ni la bure. Wakaenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wakaenda Afrika Kusini.

Kusini mwa mto Songwe, kwa jirani zetu wa Nyasaland, safari hizi zilikuwa na lugha yake kamili. Serikali ya Rhodesia ya Kusini ilianzisha katika miaka ya 1930 malori ya kubeba wafanyakazi bila nauli, na watu wakayaita Ulere, neno la Kichewa lenye maana ya bure. Lilikuwa jina la kumsifu, lakini lilikuwa na kicheko ndani yake, kwa sababu kila aliyepanda alijua linakompeleka. Wengine walikataa kupanda. Walikwenda wenyewe, kwa miguu na kwa treni za kujilipia, na safari ya namna hiyo ikaitwa selufu. Mwenda selufu alichoka zaidi na aliliwa na nzi zaidi, lakini akifika alichagua mwajiri. Napenda maneno haya mawili kwa sababu ni uchumi mzima: ulere na selufu. Mwenye uwezo wa kusubiri na kutembea alichukua la pili.

Sasa Wenela. Jina hilo ni herufi za WNLA, Witwatersrand Native Labour Association, chama kilichoundwa na wenye migodi ya dhahabu mwaka 1900. Watu wengi hudhani kazi yake ilikuwa kutafuta wafanyakazi tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia migodi isigombanie wafanyakazi. Migodi ikigombania, mshahara unapanda. Wakikubaliana kuajiri kwa mlango mmoja, mshahara unakaa pale wanapotaka. Na kama watu wa karibu hawautaki mshahara huo, basi unakwenda kuwafuata wa mbali zaidi. Hapo ndipo nauli ya bure inapoingia. Kumleta mtu kutoka nchi ya mbali kwa lori na treni kulikuwa nafuu kuliko kumwongezea mshahara aliyeko jirani.

Kwa muda mrefu watu wa kaskazini hawakuruhusiwa. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo 22 kusini, kwa sababu walikuwa wanakufa kwa nimonia kwa idadi ya kutisha. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1930. Kuanzia mwaka 1952 Wenela wakawa na ndege zao za kubeba watu, kituo kikuu kikiwa Francistown, katika Bechuanaland ambayo sasa ni Botswana, na kutoka hapo treni mpaka Johannesburg. Babu alikuwa akisimulia lori, kisha ndege, kisha treni, na kila mara alianza kwa ndege. Alisema walipaa wakiwa kimya kama wako kanisani, mpaka mmoja akatapika, ndipo wote wakaanza kucheka.

Nilimuuliza mara moja tu kuhusu chini ya ardhi. Akasema kuna joto. Halafu akazungumza habari nyingine.

Hapa ndipo tunamrudia Wilson. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaendelea na kazi Afrika Kusini, akimlea mtoto wao Francis, aliyezaliwa 1939. Francis Wilson akawa mwanauchumi katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1972 alichapisha kitabu kuhusu kazi katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kuanzia 1911 hadi 1969. Ndani yake kuna hesabu ambayo wengi wameinukuu tangu hapo: ukiondoa kupanda kwa bei za vitu, mshahara wa mchimbaji Mwafrika mwaka 1969 haukuwa mkubwa kuliko wa mwaka 1911, na huenda ulikuwa umeshuka. Miaka 58. Dhahabu ilipanda, migodi ikazama chini zaidi, magorofa ya Johannesburg yakaota, na mshahara ukakaa palepale.

Sikuamini nilipogundua kwamba hao ni mama na mwana. Wazazi walikaa Rungwe wakiandika jinsi kijana anavyotafuta ng'ombe. Mtoto akakaa Cape Town na kupiga hesabu ya kile kijana mwingine, pengine jirani wa wale waliozungumza na mama yake, alichokuwa analipwa mwisho wa safari. Katika hesabu hiyo nikaiona nauli ya babu. Ndege ile hawakuilipia watu wengine. Iliwekwa ndani ya mshahara ambao haukupanda, wake na wa kila aliyekuwa naye kwenye foleni, na wa waliotangulia tangu kabla yeye hajazaliwa.

Kuna sehemu ya pili ya mfumo huu, nayo ni fedha iliyoshikwa. Kwa wachimbaji wa Msumbiji ilikuwa imeandikwa katika mkataba wa mwaka 1928 kati ya Ureno na Afrika Kusini: sehemu ya mshahara haitolewi mgodini, inatumwa na kulipwa mtu akisharudi kwao. Kwa maneno mazuri, hiyo ni akiba. Mtu asimalize fedha yake kwenye pombe. Lakini tazama kilichotokea. Fedha hiyo ilipitishwa kwa serikali ya Ureno kwa dhahabu, kwa bei rasmi iliyofungwa. Soko la dunia lilipoanza kulipa zaidi ya bei hiyo, kuanzia 1968, Lisbon iliuza dhahabu kwa bei ya soko na kumlipa mchimbaji kwa bei ya karatasi. Tofauti yote ilibaki kwa aliyeshika. Mchimbaji hakuibiwa hata senti moja ya kile kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Ndiyo maana kesi ya namna hii ni ngumu kuieleza kwa mtu mwenye haraka.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, serikali mpya haikutaka kuendelea kuwapelekea makaburu watu wa kuwachimbia dhahabu, na mlango wa Wenela ukafungwa. Malawi uliendelea. Tarehe 4 Aprili 1974 ndege ya Wenela iliyokuwa inawarudisha wachimbaji wa Malawi makwao ilianguka Francistown baada ya kujazwa mafuta yaliyochanganyika, wakafa watu 78. Kamuzu Banda akasimamisha uajiri. Babu aliisikia habari hiyo redioni akiwa shambani Rungwe. Baba anasema siku hiyo hakurudia tena ule utani wa baiskeli, ila baada ya mwaka ukarudi.

Kadi za leo zina ukoo wao mwingine, na ni vizuri kuutaja ili nisionekane nachanganya kila kitu. Mwaka 1896 huko Marekani kampuni ya Sperry na Hutchinson ilianza kuwauzia wenye maduka stempu. Mteja akinunua, anapewa stempu, anazibandika kwenye kijitabu, kijitabu kikijaa anakwenda kuchukua bidhaa. Mwenye duka alizinunua stempu hizo, na mwenye duka yeyote anajua pa kurudishia gharama. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines likaanza kuhesabu maili za abiria wake na kuwapa tiketi, na miaka kumi baadaye kampuni ya kadi ya American Express ikaunganisha matumizi ya kadi na maili. Tangu hapo, kwa watu wa nchi zile, kusafiri kwa pointi ni fani kamili yenye wataalamu wake.

Fedha inatoka wapi? Inatoka pale chini ya kaunta ya muuza hadiwea. Kila kadi inapopita kwenye mashine, mfanyabiashara anakatwa ada, na sehemu ya ada hiyo inakwenda kwa benki iliyotoa kadi. Benki inakurudishia chembe yake kama pointi. Ulaya walipoamua mwaka 2015 kuiwekea ada hiyo kikomo, asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo na 0.2 kwa kadi ya kawaida, zawadi za kadi nyingi zilinyauka. Marekani hawakuweka kikomo hicho kwenye kadi za mkopo, na huko pointi bado zinanawiri. Huhitaji shahada ya uchumi kuona uhusiano huo.

Kwetu, mfanyabiashara akiwa mkweli kama jamaa yangu, anakuongezea asilimia mbili na unajua umejilipia. Akiwa mwenye haya, anapandisha bei kwa wote, na hapo ndipo pananiuma. Mama anayeteremsha ndizi soko la Kiwira alfajiri, akija mchana kununua bati moja kwa noti zilizokunjwa ndani ya kitenge, analipa bei iliyokwisha kubeba ada ya kadi. Pointi hapati. Bati lake limechangia safari ya mtu asiyemjua.

Benki zetu nazo zimeingia kwa mtindo wetu. NMB wana kampeni yao ya MastaBata, jina ambalo ni lazima ulisifie, kwa sababu limechukua Mastercard na kuichanganya na kula bata. Ukilipa kwa kadi unaingia kwenye droo, na miongoni mwa zawadi kubwa zilizowahi kutangazwa ni safari ya Dubai. Hiyo kwa kweli ni bahati nasibu zaidi kuliko pointi, na kwa maoni yangu ina uaminifu fulani. Mtu anayecheza bahati nasibu anajua kwamba wengi watakosa. Mwenye pointi anaamini kwamba anaweka akiba.

Mfano unaonipa moyo ulitoka kwenye simu. Fedha zote tunazoacha kwenye simu hukaa benki, kwenye akaunti ya amana, na akaunti hiyo huzaa riba. Riba hiyo ni ndogo kwa kila mmoja wetu, ni mlima kwa wote. Mwaka 2014 Tigo Pesa, ambayo sasa ni Mixx by Yas, ilianza kuigawa kwa wateja na mawakala kila robo mwaka. Nakumbuka ujumbe ulivyoingia, shilingi mia kadhaa, na jirani yangu akadhani ni matapeli. Ilikuwa fedha kidogo. Lakini baada ya kusoma habari za dhahabu ya Lisbon, ninaiona kama jambo kubwa: aliyeshika fedha za watu alikubali kwamba kilichozaliwa wakati wa kushika ni chao.

Niliyaeleza haya yote kwa shangazi yangu, binti mkubwa wa babu, tukiwa jikoni kwake tunamenya ndizi. Nilidhani atasikitika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, umesoma vizuri. Sasa niambie, ng'ombe waliomleta mama yangu hapa walikuwa wa uongo?" Nikasema hapana. "Na hii nyumba ya matofali?" Nikanyamaza. "Baba yangu alikwenda akijua. Wazee wenye ng'ombe walikuwa wamemkalia kooni. Angelingoja wampe, angezeeka bila mke. Hao Wazungu walimpunja, ndiyo. Na hawa wa hapa je, walikuwa wanampa bure?"

Ana haki. Kitabu cha Monica Wilson kingekubaliana naye kuliko kingekubaliana na mimi. Kijana hakuwa na soko lenye haki upande mmoja na Wenela upande wa pili. Alikuwa na wazee wenye mifugo, serikali yenye kodi, na lori. Lori lilikuwa limeshalipiwa na mshahara wake usiopanda, lakini mshahara huohuo usiopanda ulikuwa mkubwa kuliko alioweza kuupata karibu na nyumbani. Alipunjwa, na alichopata akakigeuza ng'ombe, na ng'ombe wakageuka sisi. Hesabu ya Francis Wilson haina safu ya kuandikia hilo.

Ila shangazi alikubaliana na mimi kwenye jambo moja, na alilisema mwenyewe. Babu alirudi na risiti. Alikuwa na karatasi za kila kitu, alizihifadhi kwenye sanduku la bati mpaka panya wakazipata. "Alikuwa anapenda kuhesabu," shangazi akasema. "Usiku anazitoa, anahesabu siku zake tena. Mama anamwambia zimeisha hizo, lala." Sikuwahi kulisikia hili. Sisi alituachia habari za ndege.

Ile vocha ya 15,000 niliichukua, nikanunua mafuta ya kula. Johannesburg nitakwenda kwa basi, kupitia Tunduma na Lusaka, siku nne kama mambo yakiwa mazuri. Nimeanza kuweka fedha pembeni kutokana na parachichi. Dada wa benki alinipigia wiki iliyopita kunikumbusha kwamba nikitumia kadi mara tano mwezi huu pointi zitaongezwa mara mbili. Nikamwambia ndaga, akacheka, kumbe naye ni wa Busokelo. Muuza hadiwea bado ananidai mfuko mmoja wa misumari. Nitampa taslimu.